Hewa na Uhai wa Viumbe

Hewa si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa gesi nyingi. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na ile moja inayobaki takriban yote ni agoni, gesi iliyogunduliwa mwaka 1894 na Lord Rayleigh pamoja na William Ramsay, mwalimu wa chuo kikuu mjini London. Kabonidayoksaidi ni kiasi cha 0.04 tu.

Ama oksijeni, huingia mapafuni, ikachukuliwa na damu hadi kila kiungo, ili mwili upate joto na nguvu kutokana na chakula. Pumzi itokayo hubeba kabonidayoksaidi, nayo haipotei bure: mimea huichukua, na kwa nuru ya jua hujitengenezea chakula, kisha hutoa oksijeni. Anachokitupa mmoja huwa ni riziki ya mwenziwe. Naitrojeni nayo hupunguza ukali wa oksijeni. Lau si hiyo, cheche ndogo ingeliwasha moto mkubwa.

Mizani hii ikiharibiwa, hata kwa kitu kidogo, madhara yake ni makubwa. Tarehe 5 hadi 9 Disemba 1952, baridi ilishika London na majumba yakawa yanachoma makaa ya mawe. Hewa yenye joto ilitanda juu ya hewa baridi mithili ya kifuniko cha chungu, upepo ukatulia, na moshi ukakosa pa kutokea. Vilihesabiwa vifo wapatavyo 4,000. Utafiti wa baadaye ukakadiria 12,000. Nayo oksijeni haikuwa imekwisha: kilichoua ni masizi na gesi ya salfa. Mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya hewa safi.

Moshi ule mzito umeondoka, lakini wa magari ungalipo, na aghalabu hauonekani. Mwaka 2020 uchunguzi rasmi mjini humo ulithibitisha kuwa hewa chafu ilichangia kifo cha mtoto wa miaka 9 mwenye pumu, aliyefariki mwaka 2013.

Basi inampasa mzazi amchagulie mwanawe njia ya skuli iliyo mbali na barabara kuu, azime injini anapomsubiri, na afungue dirisha anapopika kwa gesi. Mtu huweza kustahamili njaa kwa siku kadhaa. Kukosa hewa hakustahamili ila dakika chache.