SOMO LA MAJI: KWA NINI CHUJIO HUZIBA?

Wakati wa masika maji ya Mto Nyabarongo hapa Kigali huwa mekundu kwa udongo wa milimani. Mbele yake mto huu huungana na Akanyaru, na mbele zaidi huitwa Akagera. Maji ya Akagera ndiyo yaliyosafishwa kwa ajili ya kambi ya Mahama, iliyofunguliwa mwaka 2015. Matope ni yale yale.

Mitambo mingine ya maji hutumia utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo hata vijidudu havipiti. Utando huo huziba. Udongo peke yake si tatizo kubwa, kwani huoshwa ukatoka. Kibaya zaidi ni ute wa majani yaliyooza na wa vijidudu, maana hugandisha udongo kwenye vitundu kama gundi. Hapo pampu hulemewa na maji hutoka kidogo kidogo.

Dawa mojawapo ni ozoni, gesi inayopatikana kwa kupitisha umeme katika oksijeni. Ozoni huukatakata ute ule, nao haugandi tena kwa urahisi. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia mwaka 1906 ili kuua vijidudu. Lakini bila umeme hakuna ozoni, na tando nyingi za plastiki huharibiwa nayo. Za udongo wa kuchomwa huistahimili. Tena hutoweka katika muda mfupi bila kuacha kinga yoyote ndani ya maji. Kwa mama anayeteka asubuhi na kunywesha watoto jioni, hilo ndilo kubwa: mkono mchafu ukiingia katika jerikani, ozoni ya mtamboni haimsaidii. Ndiyo sababu klorini hutiwa mwishoni.

Nyumbani fanya hivi. Acha maji yatulie usiku kucha, yamimine polepole kupitia kitambaa safi, ndipo uyatie katika chujio. Likianza kutoa maji taratibu, lisugue kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Usilitoboe kwa msumari (wapo wanaojaribu!), kwa maana tundu moja linatosha kupitisha kipindupindu. Lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, lisitumike tena.

Klorini tia baada ya kuchuja, kwa sababu matope huimaliza nguvu. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, funika chombo, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa.