Vitu Vyeupe Vitano

Katikati ya mji wa Dar es Salaam ipo sehemu iitwayo Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Liko huko soko kuu, ambalo jumba lake lilifunguliwa mwaka 1975, na mitaa ya jirani imejaa maduka. Mnunuzi aweza kuona huko vitu vyeupe vya namna nyingi: chumvi, sukari, shabu, magadi, na chokaa.

Vitu hivi vikisagwa na kutiwa katika makopo yasiyoandikwa majina, jicho haliwezi kuvitenga. Wako watakaosema, “Na vionjwe.” Hilo ni shauri baya mno. Chokaa isiyozimwa huunguza kinywa, na ikiingia jichoni yaweza kumpofusha mtu. Mwenye maarifa hauamini ulimi. Huviuliza vitu vyenyewe, navyo humjibu.

Swali la kwanza ni la maji. Kila kitu kitiwe kidogo katika glasi yake, na ile ya chokaa aishike mwalimu. Chumvi, sukari, shabu na magadi huyeyuka. Chokaa haiyeyuki ila kidogo sana, na maji yake huwa kama maziwa. Rangi, ugumu, na kuyeyuka majini huitwa tabia za umbo, kwa sababu kitu huzionyesha pasipo kugeuka kitu kingine. Wapika chumvi wa zamani wa Uvinza, katika nchi ya Kigoma, walilijua jambo hili: walichemsha maji ya chemchemi hata yakaisha, na chumvi ikabaki.

Lakini katika chokaa pana jambo zaidi. Watu wa pwani huipata kwa kuchoma matumbawe. Moto huitoa hewa iitwayo kabonidayoksaidi iliyofungwa ndani ya jiwe, hata kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Kilichobaki si jiwe tena. Kikitiwa maji huvimba na kutoa joto kali, ndipo husemwa ya kuwa chokaa imezimwa. Tena chokaa hiyo ikipakwa ukutani, huivuta kabonidayoksaidi polepole kutoka hewani, ikarudi kuwa ngumu kama jiwe la kwanza. Kwa chokaa ya namna hii walijenga waashi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11, na kuta zake nyingi zingali zimesimama. Tabia ambayo kitu hakiionyeshi ila kwa kugeuka kitu kingine huitwa tabia ya kikemia.

Swali la pili liko jikoni. Kila mama ajua ya kuwa doa la bizari ya manjano likipakwa sabuni hugeuka jekundu. Sababu yake ni alkali iliyo katika sabuni. Basi bizari kidogo na itiwe katika kila glasi: katika magadi na katika chokaa rangi hugeuka nyekundu, katika nyingine hubaki manjano. Chokaa imekwisha kujulikana kwa maji yake meupe. Kwa hiyo ile glasi nyekundu iliyo angavu ni ya magadi.

Magadi yakiisha kupatikana, hayo yenyewe huwa shahidi juu ya mengine. Maji ya magadi yakimiminwa katika maji ya shabu, hutoka mapovu ya kabonidayoksaidi, na utando mweupe hushuka polepole. Utando wa namna hiyo ndio unaokamata matope, shabu itumiwapo kusafisha maji ya kisima. Juu ya chumvi na sukari hapana neno.

Zimebaki hizo mbili, nazo huhukumiwa na moto. Sukari katika kijiko juu ya mshumaa huyeyuka, huwa ya kahawia, kisha mkaa mweusi. Mkaa huo ukilowekwa siku nzima haurudi kuwa sukari. Chumvi hulialia tu kwa milio midogo. Huhitaji joto la digrii 801 ndipo iyeyuke, na ikiisha kupoa ni chumvi ile ile.