Mafunzo kwa Mbwa Anayetafutiwa Makao

Makao ya mbwa ya Battersea yalianzishwa na Mary Tealby mwaka 1860 huko Holloway, yakahamia Battersea mwaka 1871. Katika baadhi ya makao, mgeni anayetafuta mbwa humtazama kila mmoja kwa muda mfupi tu. Anayeruka, anayebweka au anayejificha pembeni hupitwa. Mara nyingi tabia hiyo ni hofu wala si ukali, na hofu hupunguzwa kwa mafunzo. Kaya inayokusudia kumchukua mbwa wa namna hiyo, au kumhifadhi kwa muda hadi apate mwenyewe, ndiyo itakayoyaendeleza mafunzo hayo.

Fimbo haina nafasi katika kazi hii. Mbwa hupewa kipande kidogo cha nyama mara tu afanyapo linalotakiwa: kuketi mgeni anapoingia, kutembea bila kuvuta kamba, kuachia kitu kilichomo mdomoni. Ujira ukichelewa, mbwa hudhani amelipwa kwa jambo jingine. Dakika 5 mara kadhaa kwa siku zafaa kuliko saa nzima. Neno nalo liwe moja. Baba akisema "kaa", bibi "keti" na mtoto "kitako", mbwa amepewa masomo matatu. Kiswahili chafaa sawasawa na Kiingereza: neno jipya litamkwe kwanza, kisha ifuate ishara ya mkono aliyoizoea makaoni.

Linalokosewa zaidi ni kunguruma. Watu wengi waliokulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa boma humkemea au humchapa angurumapo ndani ya nyumba. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya huweza kuacha kuonya, hofu yake ikabaki palepale, na siku nyingine akauma ghafla. Kabla ya kunguruma huwapo dalili za chini zaidi: kugeuza uso, kulamba midomo, kupiga miayo pasipo usingizi, kulaza masikio nyuma, mwili kukakamaa. Mkia unaotikiswa nao si furaha daima. Dalili hizo zikionekana, mtoto aondolewe kwa utulivu na mbwa aachiwe njia ya kujitenga. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa hata kwa muda wa kufungua mlango, wala mbwa asisumbuliwe akila au akilala.

Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi. Mbwa aweza kufundishwa kulala mahali pake na kutolamba watu, na kizuizi kikawekwa mlangoni mwa chumba cha kusalia. Ni vema haja hiyo ielezwe makaoni mapema, ili achaguliwe mbwa anayeiweza.

Mpangaji aombe kwanza idhini ya mwenye nyumba. Sheria yataka mbwa awe na maikrochipu chini ya ngozi, na akiwa nje avae ukanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Kushindwa kumdhibiti hata ndani ya nyumba ni kosa. Mbwa wa aina ya XL Bully haruhusiwi kuuzwa wala kugawiwa tangu tarehe 31 Desemba 2023. Anayeahidiwa wa bure na jirani asimpokee.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka. Ngozi ikiwa imetoboka, amwone daktari au apige simu 111. Damu ikitoka kwa wingi, 999. Aliyeumwa akiwa safarini Afrika Mashariki, ambako kichaa cha mbwa kingalipo, aoshe kwa sabuni na maji kwa dakika 15 na atafute chanjo siku hiyohiyo, hata akiambiwa mbwa ni mzima. Akiwa amekwisha kurudi London bila chanjo, amweleze daktari mara moja, hata kama siku nyingi zimepita.