Sikohoi, nipime mapafu ya nini?

SWALI: Daktari, nimechimba tanzanite Mirerani miaka kumi na miwili. Sikohoi wala sipungui uzito. Wenzangu wanasema nikapime mapafu kila mwaka. Kuna haja gani?

JIBU: Haja ipo, ndugu yangu, na wenzako wanakutakia mema. Vumbi la mwamba unaochorongwa lina silika. Chembe zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Zinapenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na huweza kukaa miaka mingi bila dalili. Siku utakapoanza kuhema ukipanda ngazi za shimoni, sehemu ya pafu imeshapotea.

Vipimo havitishi. Utapigwa picha ya eksirei ya kifua, kisha utavuta pumzi na kuipuliza kwa nguvu zote kwenye mashine inayopima hewa unayotoa. Tunza majibu: ya mwaka huu yakilinganishwa na ya mwakani, upungufu huonekana mapema. Hata ukiacha uchimbaji, endelea kupima.

Silika pia huufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Ukikohoa wiki mbili, peleka makohozi hospitali ya serikali. Kipimo na dawa ni bure. Kitambaa mnachojifunga puani hakizuii chembe za silika. Mdai mwenye mgodi barakoa halisi na maji ya kuchorongea, nawe nenda ukapime mwezi huu.