Darsa: Doa Jeusi Chini ya Unyayo

Mwenye kudumu na sala huosha miguu yake mara kadha kwa siku, akapitisha kidole baina ya vidole, na pamoja na hayo yaweza kupita mwaka mzima asiutazame unyayo wake. Mkono hupita na maji hupita, jicho halipiti. Nasi watu weusi unyayo ndio mahali pa kwanza pa kuangaliwa katika khabari ya madoa ya ngozi.

Wengi wetu twasema kuwa saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu, na kwamba huletwa na jua. Maneno haya ni kweli nusu. Weusi wa ngozi ni kinga kubwa ya jua, na saratani ya madoa, iitwayo melanoma, ni chache kwetu kuliko kwao. Lakini itokeapo kwetu, aghalabu haitokei usoni wala mgongoni. Hutokea chini ya unyayo, au kiganjani, au chini ya ukucha, mahali pasipopigwa na jua. Na kwa kuwa hapatazamwi, mara nyingi hugunduliwa imekwisha kuingia ndani.

Matatu ngapi hupita hapa Kawangware 46 zimechorwa sura ya Bob Marley, mwimbaji wa Jamaica! Wazipandao ni wachache wajuao kilichomuua. Mwaka 1977 alionekana ana saratani hii chini ya ukucha wa kidole cha mguu, hali yeye alidhani ni jeraha la mpira. Alishauriwa kidole kikatwe, hakukubali. Maradhi yakaenea mwilini hata ubongoni, akafa mwezi Mei 1981, naye ni mtu wa miaka 36.

Katika darsa yetu tumeulizwa na dada mmoja: mavyaa wake ana doa jeusi kisiginoni. Lilianza kama punje ya mtama, sasa limekuwa kama sarafu, na kingo zake hazilingani. Jirani asema ni damu iliyovilia kwa kubanwa na kiatu, na mwingine amejitolea kuleta dawa ya kulichoma. Jibu letu ni hili: asilichome, wala asilikate, wala asilifunge majani; apelekwe hospitali juma hili hili. Damu iliyovilia chini ya ngozi ya unyayo hufifia na kuondoka kwa majuma machache; doa likaalo na kupanuka silo damu. Na kulichoma ni kulifunika tu. Huungua juu, chini yabaki yaliyokuwapo, na daktari atakayekata kipande akitazame kwa darubini hupotezewa alama alizozitaka.

Alama zenyewe si ngumu kuzijua. Doa ambalo nusu yake moja haifanani na ya pili, lenye kingo za kuchanikachanika, lenye rangi mbili au tatu, au lililopita upana wa milimita 6, ambao wakaribia unene wa penseli, hilo lina shaka. Na kubwa kuliko zote ni kugeuka: lililokuwa limetulia likaanza kukua, kuwasha au kutoa damu. Ama kucha, wengi wetu tuna mistari ya weusi katika kucha kadha, nayo haina neno. Wa kutiliwa shaka ni mstari mmoja mpya, katika ukucha mmoja, unaozidi upana, khasa weusi ukimwagikia ngozi iliyo kando ya ukucha.

Tusitiane khofu bure. Madoa mengi ni salama. Vile vijipele vyeusi vya mashavuni ambavyo mtu huvipata ukubwani, kama alivyovipata mama yake, si maradhi. Wala baka la kibuluu matakoni mwa mtoto mchanga si alama ya kupigwa; ameumbwa nalo, na hufifia akuapo. Yaya wangapi wametukanwa kwa baka hilo!

Sasa, nyumba zetu za hapa ni chumba kimoja cha mabati, na taa ni moja. Basi watoto na watazamwe asubuhi, mlangoni penye mwanga, mara moja kwa mwezi, nyayo, viganja, kucha na utosi. Mume na mke watazamane migongo. Mzee asiyeweza kuinama atazamwe na mjukuu. Lenye shaka lipigwe picha kwa simu pamoja na rula, na tarehe iandikwe, ili mwezi ujao yapimwe kwa macho yasiyosahau. Picha hiyo ni amana, haipelekwi kwenye makundi ya simu. Na mama zetu waonao haya wajue kuwa sitara haimzuii mgonjwa kutazamwa na tabibu kwa kadiri ya haja.

Mwenye ualbino hukumu yake ni nyingine. Yeye jua ndilo adui wake, na kidonda chake cha usoni, sikioni au mdomoni kisichopona hakingojewi. Kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu ni faradhi ya kila siku. Yako mafuta ya kumkinga na jua. Huko Moshi yametengenezwa yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hawa khasa.

Na liko baka la namna nyingine, jeupe-jeupe au jekundu kidogo, ambalo ukiligusa kwa pamba mwenyewe hahisi. Huo waweza kuwa ukoma. Dawa zake hutolewa bure, nao hupona kabisa. Likichelewa, vidole ndivyo vipoteavyo.

Pa kuanzia ni zahanati iliyo karibu, si duka la dawa. Ukiambiwa ni choa ukapewa mafuta, na baada ya majuma manne doa li vile vile au limezidi, rudi, uombe barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, nawe umvulie viatu vyote viwili.