Dada, huyu anayeniuzia ana haki ya kuuza?

Wadogo zangu wa Ngara na Biharamulo, safari hii wengi wenu mmeniuliza habari za nyumba: za kupanga, za kununua, na zile zilizoachwa na marehemu. Katika karibu kila swali nimekuta wasiwasi uleule, kwamba mtu ametoa fedha, au yuko karibu kuzitoa, na hajui kama aliyezipokea alikuwa na mamlaka ya kuzipokea. Naanza na wanaonunua, kwa sababu huko ndiko akiba ya miaka mingi hupotea kwa siku moja.

Mdogo wangu wa Nyakanazi ameonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu na kiwanja chake, si mbali na njia panda. Bei imeshuka kidogo. Muuzaji ana haraka, na amemwambia, "Mwenyekiti wa kitongoji atagonga muhuri, mambo yataisha." Anataka kujua kama muhuri huo unatosha.

Hautoshi, mdogo wangu. Kwanza uliza eneo hilo ni ardhi ya kijiji, au limeshapangwa na kupimwa kuwa mji. Nyakanazi na Lusahunga zimekua haraka kwa sababu ya malori ya Rusumo na Kabanga na lami ya kwenda Kakonko na Kibondo. Mahali pakishajaa maduka na nyumba za wageni, watu hudhani pamekuwa mji hata kwenye sheria, na huenda bado ni kijiji. Kama ni kijiji, utaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo haki ya kimila haihamishwi kwa mtu mwingine mpaka halmashauri ya kijiji, ile tunayozoea kuiita serikali ya kijiji, iridhie. Wajumbe wake ni kati ya 15 na 25, na robo yao angalau wanapaswa kuwa wanawake. Hao ndio wakae, wajadili ombi lako, waandike muhtasari. Muhuri wa mwenyekiti si kikao. Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili tangu mwanzo, hata kama fedha ililipwa yote na mnunuzi amekwisha kuhamia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa omba mambo haya. Uone hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo, na jina lililomo lilinganishwe na kitambulisho cha anayekuuzia. Uzungukie mipaka mchana, ukiwa na majirani wa pande zote, kila mmoja akiwa amesimama kwenye mpaka wake na kuusema kwa mdomo wake. Ukitoka hapo, uliza mtaani kwa watu wasio na faida yoyote kwenye biashara hiyo: kuna kesi? Kuna ndugu yuko Geita au Kahama ambaye hajaambiwa? Kisha upate nakala ya muhtasari wa kikao. Fedha ipite benki au kwenye simu ili ibaki na kumbukumbu, na mkataba uandikwe mbele ya wakili. Ada ya wakili inauma, najua, ila ilinganishe na bei ya nyumba.

Kama eneo limepimwa na lina hatimiliki, usiridhike na kuonyeshwa karatasi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako, na uombe upekuzi rasmi ufanyike kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoko Bukoba. Upekuzi ndio utakaokuambia kama nyumba iko rehani benki au kuna mtu ameiwekea zuio. Karatasi ya hati haiwezi kukuambia hayo.

Kuna wengine wanaulizia ile "asilimia kumi ya kijiji." Mtu yeyote akikudai fungu la bei kwa ajili ya ofisi, mwombe akuonyeshe sheria ndogo inayoiruhusu, na ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali upewe stakabadhi. Asipotaka kutoa stakabadhi, ujue fedha hiyo haiendi ofisini. Kodi halisi ya serikali kuu ipo, nayo mara nyingi watu huisahau: muuzaji hudaiwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na uhamisho una ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kuna misamaha kwa nyumba ambayo mtu ameishi mwenyewe kwa miaka kadhaa na kwa mashamba ya thamani ndogo, hivyo mwulizeni ofisa wa TRA kabla ya kukubaliana bei. Na muandike kwenye mkataba nani atalipa nini.

Sasa nije kwa mama wa Rulenge. Huyu swali lake nimelisoma mara nyingi. Mumewe amefariki, shemeji zake wamekuja na mnunuzi wa nyumba na migomba inayoizunguka. Wanasema ni mali ya ukoo, na mwanamke hana la kusema.

Mama, unalo la kusema, na unalo kisheria. Mambo ni matatu, nami nayataja kwa utaratibu wake. La kwanza, mali ya marehemu haiuzwi na shemeji, wala na mjane, wala na mtoto mkubwa, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, na mahakama ya mwanzo ndiyo inayoteua na kutoa Fomu Namba 4. Anayeuza bila fomu hiyo anauza kisicho chake. Na hata msimamizi mwenyewe si mrithi wa yote. Ana miezi minne ya kurudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Usipoiona hesabu hiyo, nenda kaiulizie kwa karani.

La pili, jasho lako limo ndani ya nyumba hiyo. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, lakini imewafundisha mahakimu wengi kutomwona mke kama mgeni katika nyumba aliyoitunza.

La tatu limetoka hapa hapa Kagera, na ningependa kila binti wa mkoa huu alijue. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipozeeka akakosa wa kumtunza. Mwezi Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ikamkubalia. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba na ahadi za nchi yetu za kutobagua. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Ndugu wakiitaka irudi kwenye ukoo, wamrudishie mnunuzi fedha yake, kama ambavyo wangefanya iwapo angeuza mwanamume. Miaka 9 baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu.

Kwa hiyo, mama, usiondoke humo ndani na usiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote usiyoisoma wewe au mtu unayemwamini. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii umwulize wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na hawapaswi kukutoza.

Nanyi mnaotaka kununua nyumba za namna hii kwa sababu ni rahisi: tafadhali, mjane akiwa analia uani, rudisheni mkono mfukoni.

Hata mume akiwa hai, sheria inataka mke asikilizwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe kwa maandishi, yeye mwenyewe akiwapo. "Mke wangu anajua" si ridhaa. Wale walioishi pamoja miaka miwili au zaidi bila kufunga ndoa, jamii ikiwaona kama mke na mume, sheria hiyohiyo inawadhania kuwa wanandoa mpaka ithibitike vinginevyo, kwa hiyo mnunuzi usimpuuze mwanamke kwa sababu hana cheti. Benki zinalijua hili vizuri, ndiyo maana haziandiki rehani bila saini ya mwenza. Mambo huharibika zaidi kwenye mikopo ya mtaani, ambako mtu huacha hati ya nyumba kwa mkopeshaji kwa maneno matupu.

Kutoka Kabanga, mpakani, dada mmoja ameolewa na Mrundi. Wamechanga wote wawili kununua kiwanja, na anauliza waandike jina la nani. Sheria ya Ardhi haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na ardhi ya kijiji kwa haki ya kimila ni ya raia. Kwa hiyo jina liwe lako, mdogo wangu, wewe uliye raia. Usimwache mumeo atafute rafiki Mtanzania wa kumwekea jina. Rafiki akibadilika, mumeo hatakuwa na pa kusimama mahakamani. Mchango wake katika ujenzi mtunzieni risiti: saruji, bati, mafundi. Watoto wenu wenye uraia wa Tanzania watarithi bila kikwazo. Uraia wa mtu haumzuii kupanga nyumba.

Wapangaji sasa, hasa walimu na wauguzi mliopangiwa kazi Ngara mjini, Murugwanza na Biharamulo. Mnalalamikia kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na miezi ya kulipa ni makubaliano yenu na mwenye nyumba. Unaruhusiwa kujadiliana, na mwezi wa kwanza wa ajira ndio wa kujadiliana kwa nguvu zote. Piga hesabu kabla: chumba cha 40,000 kwa miezi sita ni 240,000, ongeza mwezi wa dalali, 280,000 imetoka kabla hujanunua godoro. Mwambie mwenye nyumba uanze na miezi mitatu. Wengi hukubali wakiona una ajira ya kudumu.

Andikianeni mkataba, hata kwenye karatasi ya daftari: kodi, tarehe, nani anatengeneza nini, nani analipa maji, na notisi ya muda gani. Msipoandika muda, sheria huutazama muda unaolipia: unayelipa kwa mwezi unastahili notisi isiyopungua mwezi, nawe unadaiwa notisi hiyohiyo ukitaka kuondoka. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango wala kutupa vyombo vyako nje, hata ukiwa unadaiwa. Akudai mbele ya baraza.

Kuhusu LUKU: ule mkato wa 1,500 kwa mwezi mnaouona mkinunua umeme ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kwenye mita, na mwaka 2023 ilipanda kutoka 1,000. Anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa kila manunuzi, na mkubaliane mwanzoni akupunguzie kwenye pango. Kwa miezi sita ni 9,000, na kama mnatumia mita moja watatu mgawane. Mliopanga fremu za biashara, zingatieni kwamba mnapaswa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio. Msipoikata, TRA watawadai ninyi.

Mwisho ni kijana wa Nyakahura ambaye shamba la baba yake limelimwa na jirani kwa miaka tisa, naye anaogopa kuanza. Anza wiki hii. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na saa yako inakwenda. Peleka lalamiko kwa maandishi Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa, omba cheti cha kushindwa kusuluhisha, nalo likikaa siku 30 bila kumaliza, njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya iko wazi. Tafuta kwanza wazee wanaomkumbuka baba yako akilima pale, uandike majina yao na namba zao za simu kabla hujaandika lalamiko lenyewe.