KUNYOOSHA UTI WA MGONGO ULIOPINDA

Uti wa mgongo ulio mzima, ukitazamwa kwa nyuma, huonekana umenyooka. Ukipinda kwa upande nyuzi 10 au zaidi katika picha ya eksirei, hali hiyo huitwa skoliosisi. Mara nyingi chanzo chake hakijulikani, na hujitokeza hasa wakati wa kubalehe, mtoto akuapo kwa haraka.

Mpindo mdogo huangaliwa tu. Ukifikia nyuzi 25 hivi, mtoto ambaye angali akikua huvikwa fulana ngumu ya plastiki ili usizidi. Ukifika nyuzi 45 hadi 50, upasuaji hufikiriwa, kwa sababu huelekea kuendelea hata utu uzimani. Na mpindo mkubwa sana hubana mapafu.

Katika miaka ya 1950, Dakta Paul Harrington wa Houston, Marekani, alitumia fito za chuma kunyoosha migongo ya watoto waliougua polio. Ilidhihirika kwamba chuma peke yake hulegea au huvunjika. Ilibidi pingili nazo ziunganishwe kwa vipande vya mfupa. Chuma hushikilia kwa muda tu. Mfupa ukishaungana ndio uubebao mgongo. Siku hizi fito hukazwa kwa skrubu, na mishipa ya fahamu hupimwa kwa umeme wakati wa upasuaji ili kuepusha kupooza.

Pingili zilizoungana hazirefuki tena; hivyo mtoto mdogo huwekewa fito zinazorefushwa kadiri akuavyo. Kwa mtu mzima mgongo umekwisha kuwa mgumu, na upasuaji huwa mzito zaidi. Basi heri kugundua mapema: mtoto ainame mbele, na mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za pili, apelekwe hospitali.